Waimbaji wa Jioni: Simfonia ya Tisa, kutoka Vienna hadi Kinshasa

Vijana wapendwa wa parokia zetu, kuna swali linalorudi kila mara korali inapopewa wimbo mgumu wa lugha ngeni: je, huu ni wetu? Swali hilo ni la haki, wala halijibiwi kwa makemeo. Hapa Kibabi mtu husali kwa Kiswahili, huwasalimu wazazi wake kwa Kihunde au Kinyarwanda, na hufanya mtihani wa serikali kwa Kifaransa. Kumwongezea Kijerumani huonekana kama kumtwika mzigo mtu aliyekwisha kuelemewa. Tena Mjerumani mwenyewe si mgeni katika kumbukumbu za Kivu. Hadi mwaka 1916 bendera yake ilipepea Gisenyi, mwendo mfupi kwa miguu kutoka Goma, na wazee wa zamani walimjua Mdachi kama askari wa mpakani, si kama mwalimu wa nyimbo.

Napenda kulijibu swali hilo kwa njia ya historia, nikiifuata safari ya kazi moja tu: Simfonia ya Tisa ya Ludwig van Beethoven, na hasa sehemu yake ya nne, ambamo korali inaingia. Nimeichagua kwa sababu Wakongo wenzetu wamekwisha kuiimba katika Kijerumani chake, na walio wengi kati yao hawakuwa wanamuziki wa kulipwa.

Mwaka 1994, nchi yetu ikingali ikiitwa Zaire, Armand Diangienda alianzisha mjini Kinshasa orkestra ya Kanisa la Kimbangu. Yeye ni mjukuu wa Simon Kimbangu, yule katekista wa Nkamba aliyehubiri miezi michache tu ya mwaka 1921, akahukumiwa kifo, kisha hukumu ikageuzwa kuwa kifungo cha maisha, naye akafa kifungoni Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1951. Mjukuu alikuwa rubani wa ndege. Alipopoteza kazi yake, aliligeukia jambo ambalo baba yake alikuwa amelitamani kwa ajili ya Kanisa lao, yaani orkestra. Wengi wa waliomfuata hawakuwahi kuishika violini. Ala zilikuwa chache kuliko watu, hata ikabidi zipokezanwe: mmoja apige dakika ishirini hivi, kisha ampe mwenzake anayesubiri. Uzi wa violini ulipokatika, waliweka waya wa breki ya baiskeli.

Mwaka 2010 Wajerumani wawili, Claus Wischmann na Martin Baer, walitoa filamu iitwayo Kinshasa Symphony, inayowaonyesha watu hao wakijiandaa kuipiga na kuiimba Simfonia ya Tisa. Utamwona humo fundi wa umeme, na mama anayemlea mtoto wake peke yake, na mwanamke anayeamka kabla ya mapambazuko kwenda kuuza chakula sokoni, kisha jioni anavuka jiji zima kwenda mazoezini. Umeme unakatika katikati ya kipande. Wao wanaendelea gizani, kila mmoja akimfuata mwenzake kwa sikio.

Wako waliotazama filamu hiyo kama mtu atazamaye ajabu: maskini wa Afrika wakijitahidi kuiga kitu kikubwa cha Ulaya. Mimi naona kwamba wameitazama kwa kichwa chini miguu juu. Watu wa Kinshasa waliirudisha kazi ile kwa watu wa namna iliyowahusu tangu mwanzo. Ili tulione hilo, yatupasa kurudi nyuma miaka mia mbili.

Simfonia hiyo ilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 7 Mei 1824, katika jumba la michezo lililokuwa karibu na lango la Kärntner mjini Vienna. Beethoven alikuwa na umri wa miaka 53, naye alikuwa kiziwi. Maneno aliyatoa katika shairi ambalo Friedrich Schiller alilitunga mwaka 1785, likisifu furaha na undugu wa watu wote. Waimbaji wa jumba lile hawakutosha, hivyo waliongezwa waimbaji wa ridhaa kutoka chama cha wapenda muziki cha mjini humo, watu wenye shughuli zao nyingine za kila siku. Mazoezi ya wote pamoja yalikuwa mawili tu. Kati ya waimbaji pekee, Henriette Sontag alikuwa na miaka 18, na Caroline Unger miaka 20. Umri wenu hasa. Walimlalamikia mtunzi kwamba noti zake ziko juu mno kwa koo la mwanadamu, naye hakubadili kitu. Inasimuliwa kwamba baadhi ya wanakorali wa sauti ya kwanza, walipofika mahali pasipofikika, walinyamaza tu, wakijua kwamba mzee hasikii. Wimbo ulipokwisha, ilibidi Caroline amgeuze mtunzi awatazame watu, aone kwa macho makofi ambayo masikio yake hayakuyapata.

Basi kama korali yenu imewahi kuimba ikiwa na hofu, baada ya mazoezi machache, huku wengine wakikwepa noti za juu, jueni kwamba hamkuanza ninyi.

Hata kabla ya usiku ule, huko Berlin kulikuwa na korali iliyoanzishwa mwaka 1791, iitwayo Sing-Akademie. Wanakorali wake hawakulipwa. Wanawake na wanaume waliimba pamoja, jambo ambalo halikuwa la kawaida wakati huo, kwa maana makanisani sauti za juu ziliimbwa kwa kawaida na wavulana. Kuanzia mwaka 1800 korali hiyo iliongozwa na Carl Friedrich Zelter, ambaye kwa ufundi wake alikuwa mwashi, mjenga nyumba kwa mawe na matofali. Mmoja wa wanafunzi wake aliitwa Felix Mendelssohn. Tarehe 11 Machi 1829 kijana huyo, mwenye umri wa miaka 20, aliwaongoza waimbaji wa ridhaa zaidi ya 150 kuimba Mateso ya Bwana wetu kadiri ya Mathayo, kazi ya Johann Sebastian Bach ambayo ilikuwa imelala kwa muda mrefu tangu mtunzi wake afariki mwaka 1750. Mabwana wakubwa wa muziki waliiona kuwa ndefu na ngumu mno. Korali ya watu wa jioni ndiyo iliyoifufua. (Nawasihi walimu miongoni mwenu wasipite haraka hapa. Tunapenda kuwaambia watoto kwamba mambo makubwa hufanywa na wataalamu, na kwa njia hiyo tunawafundisha kukaa kitako.)

Sasa, mazoezi yenyewe yanahitaji nini? Nitakaa hapa kidogo.

Kwanza ni lugha. Silabi ya Kiswahili karibu kila mara humalizika kwa vokali, na ndiyo maana lugha yetu huimbika kwa urahisi: mdomo hufunguka, sauti hutoka. Neno la Kijerumani laweza kumalizika kwa konsonanti mbili au tatu zilizorundikana, na kama kila mwanakorali akiifunga yake kwa wakati wake, husikika mlio kama wa mahindi yanayomwagika kwenye bati. Hivyo korali hufanya mazoezi ya kusema tu, bila kuimba, kwa mpigo wa kiongozi, hadi watu hamsini waifunge konsonanti moja kama mtu mmoja. Vokali nazo zina tabu yake, lakini hapa Mkongo aliyesoma anayo nafasi ambayo jirani zetu wa mashariki hawana. Ile u iliyobanwa ya Kijerumani anaijua tayari katika Kifaransa, kama mtu asemapo lune; na ile o iliyobanwa iko karibu na sauti ya peu. Iko pia ch itokayo kooni, iliyo karibu na kh ya watu wa pwani wanaposema kheri. Hiyo huchukua wiki kadhaa.

Wengine watauliza kwa nini wimbo usitafsiriwe. Unaweza kutafsiriwa, na umetafsiriwa mara nyingi. Lakini Kihunde na Kinyarwanda ni lugha za toni: sauti ya silabi ikipanda au ikishuka, maana hubadilika. Ukiyalazimisha maneno yake kupanda na kushuka kama Beethoven alivyopanga, waweza kusema jambo ambalo hukulikusudia. Kiswahili hakina taabu hiyo ya toni, lakini maneno yake ni marefu, na noti hazitoshi. Kila mtunzi wa nyimbo zetu za Misa analijua jambo hili, hata kama hajawahi kulieleza.

Pili ni pumzi. Kuna mahali ambapo sauti ya kwanza huishikilia la ya juu kwa zaidi ya vipimo kumi mfululizo. Hakuna kifua kinachoweza. Siri yake ni kwamba waimbaji huvuta pumzi kwa zamu: huyu anapoacha, jirani yake anaendelea, kisha yule wa kwanza anarudi polepole pasipo msikilizaji kutambua. Sauti inayosikika kuwa moja isiyokatika ni ya watu wengi waliokwisha kuchoka, waliopatana nani apumzike lini.

Tatu, na hili ndilo gumu kuliko yote, ni mahali pale ambapo mtunzi anazifuma nyimbo mbili pamoja. Sauti moja inaimba wimbo wa furaha, na wakati uleule sauti nyingine inaimba wimbo wa pili, wenye mwendo tofauti na maneno tofauti, halafu wanabadilishana. Mwimbaji asiyejua yake atamfuata jirani na kupotea. Mwimbaji aziba-masikio, anayeijua yake tu, atakwenda mbele au kubaki nyuma bila kujua. Yakupasa ushike wimbo wako kwa nguvu na wakati huohuo umsikie asiyeimba kama wewe. Sijui zoezi jingine linalofanana na hilo katika shule zetu.

Kazi hii imevuka bahari pamoja na watu wa namna zote. Mwaka 1914 Wajapani waliiteka ngome ya Wajerumani ya Tsingtao, huko China, wakawachukua wafungwa wa vita. Karibu elfu moja kati yao waliwekwa katika kambi ya Bandō, nchini Japani. Tarehe 1 Juni 1918 wafungwa hao waliiimba Simfonia ya Tisa yote, ikiwa ni mara ya kwanza kusikika nchini humo. Wanawake hawakuwapo, hivyo sauti za juu ziliandikwa upya ili ziimbwe na wanaume. Leo Wajapani huiimba kila mwezi wa Desemba, na katika jiji la Osaka hukusanyika waimbaji wa ridhaa wapatao 10,000 kwa mara moja. Hakuna anayewauliza tena kama wimbo ni wao.

Hadi hapa habari ni nzuri, na ningeweza kuishia hapo. Lakini historia isiyosema yote ni hotuba ya sikukuu tu.

Mwaka 1965 walowezi wachache wazungu wa Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, walijitangazia uhuru wao ili Waafrika walio wengi wasitawale. Mwaka 1974 serikali yao ilitafuta wimbo wa taifa, ikauchukua huu: sauti ileile iliyotungwa kwa ajili ya undugu wa watu wote, ikavishwa maneno mengine ya Kiingereza, nayo ikaimbwa hadi mwaka 1979 na utawala uliomnyima Mwafrika haki yake katika nchi ya babu zake. Miaka miwili kabla yake Baraza la Ulaya lilikuwa limeichukua sauti hiyo kuwa wimbo wake rasmi, bila maneno yoyote, kwa sababu nchi zake zina lugha nyingi.

Yaweza kusemwa kwamba ubaya ulikuja kwa sababu maneno yaliondolewa. Natamani ingekuwa hivyo. Lakini tarehe 19 Aprili 1942, mkesha wa sikukuu ya kuzaliwa kwa Hitler, simfonia hii iliimbwa Berlin chini ya uongozi wa Wilhelm Furtwängler, na maneno yote ya Schiller yalikuwamo, katika lugha yake, kwa matamshi yasiyo na dosari. Nao wakuu wa utawala uliokuwa ukiwaua Wayahudi walipiga makofi.

Mwaka uliofuata, Wayahudi kutoka Theresienstadt walipelekwa Auschwitz na kuwekwa katika kambi iliyoitwa ya familia. Palikuwa na banda la watoto, na mwongoza korali mmoja, mfungwa kama wao, aliwafundisha watoto wimbo huu wa furaha. Wengi wa watu wa kambi hiyo waliuawa katika mwaka 1944. Otto Dov Kulka alikuwa mtoto wa miaka kumi au kumi na mmoja. Alisalimika, akawa mwanahistoria huko Yerusalemu, na katika uzee wake aliandika kwamba hakuacha kujiuliza yule mwongoza korali alikuwa na nia gani. Je, alitaka watoto washike hadi mwisho imani katika utu wa binadamu? Au ilikuwa dhihaka chungu, mbele ya matanuri, juu ya wote waliowahi kuiamini? Kulka hakuliamua swali hilo, wala sitathubutu kuliamua mimi niliye mbali.

Kwa hiyo, ndugu zangu, msimwamini anayesema kwamba muziki huleta amani. Sisi wa Masisi na Walikale hatuhitaji Ulaya itufundishe kwamba watu wanaweza kuitikia wimbo mmoja Jumapili na kukimbiana kabla ya Jumapili nyingine. Wimbo ulioimbwa mara moja mbele ya wakuu haumbadilishi mtu. Ninachokithamini katika kazi kama hii ni ile miezi inayotangulia, ambayo hakuna mgeni wa heshima anayeiona. Katika miezi hiyo mtoto wa Mhunde, wa Mnyarwanda, wa Mtembo na wa Mnyanga wanapangwa kwa kimo cha sauti, si kwa kilima walikotoka. Mwenye besi nzuri hutafutwa popote alipo. Na akikosa kuja kwa sababu njia imefungwa, wote wanasikia shimo alipokuwa amesimama. Hilo ni jambo dogo. Lakini ni la kweli, na halitegemei hotuba.

Linabaki lile swali la kwanza, kuhusu wimbo wa kigeni. Mwaka 1958, huko Kamina katika Katanga, Padri Guido Haazen, Mfransisko kutoka Ubelgiji, na korali yake ya wavulana na walimu wa shule waliimba Misa ya Kilatini kwa namna za uimbaji wa Kikongo, ile ijulikanayo kama Missa Luba. Mwaka huohuo walikwenda kuiimba Ulaya, na baadaye korali nyingi za wazungu zilihangaika kuijifunza, zikijikwaa katika mapigo ambayo mtoto wa Kamina huyashika pasipo kuhesabu. Miaka thelathini baadaye, mwaka 1988, Roma iliidhinisha taratibu ya Misa kwa majimbo ya Zaire, ile inayotupatia ngoma na mwendo wetu altareni. Sijamsikia mtu akisema kwamba Mbelgiji aimbaye Missa Luba amejivika ngozi isiyo yake. Heshima hiyohiyo tujipe sisi.

Niseme wazi kwamba Simfonia ya Tisa si wimbo wa Misa, wala korali isiitumie kuisukuma kando kazi yake ya Jumapili. Mahali pake ni jioni nyingine, sikukuu ya vijana, mkutano wa Xaveri, au ukumbi wa shule. Wala hakuna sababu ya kuianza yote. Wimbo wake mkuu unatembea hatua kwa hatua juu ya noti tano zinazofuatana, na mara moja tu unashuka kwenye sol ya chini. Mtoto wa shule ya msingi anaweza kuushika kwa mchana mmoja, bila kinanda wala umeme. Anzeni na huo, kwa sauti moja, kwa do-re-mi, kabla ya kugusa maneno. Sauti ya kwanza wasiharakishwe, maana wao ndio watakaobeba mlima mwishoni. Na wale wa besi, ambao hupenda kuchelewa mazoezini wakidhani kwamba watasubiriwa, wawahi: mwimbaji pekee anapolitaja neno furaha kwa mara ya kwanza, ni wao wanaomwitikia kabla ya korali nyingine yote.